Utatuzi wa matatizo kwenye mfumo wa oda za jumla mtandaoni: mwongozo kwa wauzaji wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa muuzaji wa jumla mwenye mfumo aliotengenezewa mwenyewe, ambamo hoteli, mikahawa, maduka na skuli huagiza vitu kwa mkopo au kwa malipo ya papo hapo. Mfumo kama huu una matatizo yake, tofauti na ya duka la rejareja. Kule wateja wote huona bei moja na hulipa kabla ya kupewa mzigo. Huku kila mteja ana bei yake, kipimo chake, deni lake na mtu wake wa kuidhinisha. Kwa hiyo makosa mengi yanayoripotiwa chanzo chake ni kumbukumbu za mteja: kundi la bei alilowekwa, kipimo kilichoandikwa, malipo ambayo hayajaingizwa. Anzia huko. Ukimwita mtengenezaji wa programu kabla hujafungua kadi ya mteja, utamlipa fedha za ufundi kwa kazi ya karani.

Kabla ya kugusa chochote

Muombe aliyelalamika vitu vitano: jina la akaunti aliyoingilia, namba ya oda, msimbo wa bidhaa, tarehe na saa, na picha ya skrini nzima. Jina la hoteli peke yake halitoshi, kwa sababu hoteli moja inaweza kuwa na akaunti ya jikoni, ya baa na ya ofisi.

Kisha ingia kwa akaunti ya majaribio iliyomo katika kundi lilelile la bei, urudie alichofanya. Kosa likikutokea na wewe, liko kwenye mfumo. Lisipokutokea, liko kwenye akaunti yake au kifaa chake. Usibadilishe kitu ndani ya hifadhidata kabla ya kuchukua nakala rudufu ya siku hiyo, hata kama ni tarakimu moja.

Dalili: mteja anaona bei isiyo yake

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ndiyo inayovunja uaminifu upesi kuliko zote. Kagua kwa mpangilio huu.

1. Ameingia kwa akaunti nyingine. Meneja manunuzi anayehudumia hoteli mbili, moja Paje na nyingine Kiwengwa, mara nyingi hutumia simu moja kwa zote. Mwambie atoke, aingie upya, asome jina la akaunti lililo juu ya ukurasa.

2. Hajapangiwa kundi la bei. Mteja mpya asiye na kundi huangukia bei ya kawaida, ambayo kwa kawaida ni ya juu. Fungua kadi yake. Sehemu ya kundi ikiwa tupu, umepata jibu. Dawa ya kudumu ni kuuamuru mfumo ukatae kuiwasha akaunti yoyote isiyo na kundi.

3. Tarehe za bei zimepishana. Bei ya msimu wa watalii iliwekwa mwisho wake, ya masika haikuwekwa mwanzo, basi katikati pakabaki pengo. Au zote mbili ziko hai na mfumo unachukua iliyoandikwa mwisho. Kila bidhaa kwa kila kundi iwe na bei moja tu inayotumika kwa siku.

4. Punguzo la wingi linasoma kipimo tofauti. Umeandika punguzo kuanzia 10 ukimaanisha katoni, mfumo unahesabu chupa. Mteja wa katoni moja ya chupa 12 anapata punguzo ambalo hukukusudia.

5. Bei hazijahama kutoka programu ya hesabu. Tazama saa ya uhamisho wa mwisho. Ikiwa ni ya jana na kazi hiyo hupangwa kila saa, imekwama. Iwashe upya mara moja tu. Ikikwama tena, soma logi, yaani kumbukumbu ambamo mfumo huandika kila kilichotokea, kabla ya kujaribu mara ya tatu, maana mara nyingi ni bidhaa moja yenye msimbo uliorudiwa inayozuia orodha nzima.

6. Kache, yaani nakala za kurasa zinazowekwa ili zifunguke haraka. Hili ni nadra lakini ndilo baya kuliko yote: mteja A anaoneshwa ukurasa uliotayarishwa kwa mteja B. Utalitambua kwa sababu bei anayoiona ni bei halali ya mtu mwingine, na hubadilika akiufungua ukurasa upya. Kurasa zote zenye bei za mteja zitumwe na kichwa cha `Cache-Control: private, no-store`, na huduma yoyote ya kache iliyo mbele ya seva iambiwe isizihifadhi.

Simama hapa: ukishuku sababu ya sita, ficha bei kwa wote mara moja, acha oda zipokelewe kwa simu, na umwite mtengenezaji wa mfumo. Usingoje kesho. Hoteli ikishaiona bei ya jirani yake, hakuna marekebisho ya programu yatakayoifuta kichwani mwa mnunuzi.

Dalili: idadi iliyofika siyo iliyoagizwa

Mpishi anaandika 30 akitaka trei moja ya mayai, bohari inatayarisha trei 30, yaani mayai 900. Mwingine anaagiza sukari 4 akimaanisha mapolo manne ya kilo 50, mfumo unamwandikia kilo nne. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, ankara inatoka ya 12,000 badala ya 600,000, na dereva ameshafika nusu ya njia.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo yenyewe, ni kuwa bidhaa ina kipimo kimoja tu kwenye mfumo ilhali watu wanainunua kwa viwili au vitatu. Mpe kila bidhaa kipimo cha msingi (kilo, yai, lita) na vipimo vya kuuzia vyenye idadi kamili: trei = 30, polo = 50, dumu = 20. Stoo ihesabiwe kwa kipimo cha msingi, mteja aoneshwe cha kuuzia, na karibu na kisanduku cha idadi pawepo maneno kamili: "polo 4 = kilo 200". Sentensi hiyo fupi huzuia makosa mengi kuliko onyo lolote jekundu.

Sababu ya pili ni mzalishaji kubadilisha ujazo. Katoni iliyokuwa na pakiti 24 inakuja na 20. Usibadilishe namba kwenye kipimo cha zamani, kwa sababu ankara za nyuma na hesabu ya stoo zitapotoka. Fungua kipimo kipya, ufunge cha zamani.

Dalili: fedha zimetoka kwenye simu ya mteja, oda bado haijalipwa

Usiibadilishe oda kuwa "imelipwa" kwa kuoneshwa ujumbe mfupi au picha yake. Ujumbe huigizwa. Chukua namba ya muamala, itafute kwenye tovuti ya kampuni ya malipo au taarifa ya benki. Ikiwa haipo huko, fedha hazijakufikia, na mteja azungumze na mtandao wake.

Ikiwa ipo, tafuta ilikwama wapi. Mara nyingi mteja amelipa bila kuandika namba ya kumbukumbu, au ameandika namba ya ankara pahala pa namba ya oda. Iunganishe kwa mkono na uandike jina la aliyeiunganisha. Inayofuata ni kiasi kutolingana: oda ni 850,000, zimeingia 848,000 kwa sababu mteja amekata makato mwenyewe, au oda kubwa imepita kiwango cha muamala mmoja, akalipa mara mbili, na mfumo unaojua malipo kamili tu ukayakataa yote mawili. Mfumo wa jumla lazima ukubali malipo ya sehemu. Kama wako haukubali, hiyo ni kazi ya kumpa mtengenezaji wiki hii.

Kisha kuna uthibitisho ambao kampuni ya malipo hutuma kwenye seva yako, nao haukupokelewa. Kagua vitu vitatu: cheti cha usalama cha tovuti kimekwisha muda? Seva ilikuwa imezimika saa hiyo? Ukuta wa usalama umezuia anwani za kampuni ya malipo baada ya mabadiliko ya karibuni? Hata vikiwa salama vyote, usijenge mfumo unaotegemea uthibitisho huo peke yake. Weka kazi inayouliza hali ya kila malipo yanayosubiri, kila dakika 5 kwa saa ya kwanza, halafu kila saa mpaka siku iishe.

Kulipishwa mara mbili kuna chanzo kinachojulikana. Ombi la malipo linatokea kwenye simu, mtandao unayumba, mteja anabonyeza "lipa" tena. Kitufe kijifunge baada ya kubonyezwa mara moja, na namba ya muamala iwekewe sharti la upekee ndani ya hifadhidata, ili uthibitisho ukija mara tatu uandikwe mara moja.

Kosa jingine huonekana siku mfumo unapounganishwa na kampuni mpya ya malipo: oda ya 85,000 inaombwa 8,500,000, au inasomeka 850. Kwa kanuni za kimataifa shilingi ya Tanzania bado ina senti, desimali mbili, ingawa hakuna anayezitumia dukani. Kampuni moja hutaka kiasi kwa shilingi, nyingine kwa senti. Soma maelekezo yao, ujaribu kwa shilingi 1,000 kabla ya kufungulia wateja.

Simama hapa: usirudishe fedha kwa mkono wakati muamala bado "unashughulikiwa". Zikirudi zenyewe baadaye utakuwa umelipa mara mbili. Tofauti isiyoelezeka ikiendelea kwa zaidi ya siku moja ya kazi, mpe mhasibu na kampuni ya malipo pamoja, kwa maandishi.

Dalili: oda imekataliwa kwa sababu ya ukomo wa mkopo, na mteja anasema amelipa

Kwa kawaida mteja anasema kweli. Hesabu sahihi ya nafasi iliyobaki ni ukomo, toa ankara ambazo hazijalipwa, toa oda zilizoidhinishwa ambazo hazijaandikiwa ankara, jumlisha malipo yaliyopokelewa ambayo hayajapangiwa ankara.

Chukua hoteli yenye ukomo wa 20,000,000. Ina ankara za 12,500,000, oda ya 3,000,000 iliyo njiani, na imelipa 5,000,000 benki ambazo karani hajazipangia ankara. Nafasi yake ni 9,500,000. Mfumo unaosahau malipo yasiyopangwa utaona 4,500,000 na kuikataa oda ya 6,000,000. Meneja wa hoteli, kwa haki kabisa, atanunua kwa mwingine.

Basi kagua kwanza malipo yasiyopangwa. Pili, oda iliyohesabiwa mara mbili, kama oda na kama ankara yake. Tatu, oda zilizofutwa ambazo bado zinashikilia nafasi. Nne, matawi yanayogawana ukomo mmoja bila wenyewe kujua. Hundi ni jambo la peke yake: ihesabiwe siku benki inapoithibitisha, siyo siku inapopokelewa.

Usipandishe ukomo ili oda ipite. Toa idhini ya oda moja, yenye jina la aliyeitoa. Ukomo uliopandishwa "kwa leo tu" mwezi Machi hubaki hivyohivyo, na hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza kazi Aprili na Mei wakati wa masika. Deni hilo utalidai kwa mlinzi wa lango.

Dalili: bidhaa imeuzwa na haipo

Mauzo ya dukani hayajaingia kwenye mfumo. Duka lako la Darajani limetoa katoni sita za mwisho mkononi mkononi, na tovuti haijui. Hii ndiyo sababu ya kwanza, nyingine hazikaribii. Kama dukani na mtandaoni kunachotwa stoo moja, mauzo ya dukani yaandikwe papo hapo, au utenge akiba ya mtandaoni peke yake.

Ya pili ni mzigo ulio njiani. Kontena limefika Malindi, mtu amelipokea kwenye mfumo kabla halijatoka bandarini. Au mzigo wa Pemba umepakiwa kwenye boti kwenda Mkoani, umepunguzwa Unguja na kuongezwa Chake Chake asubuhi ileile, na bahari ikichafuka unauza kitu kilicho juu ya maji. Fungua stoo ya tatu iitwayo "njiani", ambayo hakuna mteja anayeweza kuagiza kutoka kwake. Bidhaa iingie Chake Chake pale mpokeaji wa huko anapohesabu na kuthibitisha.

Ya tatu, oda mbili kuchukua katoni ya mwisho katika sekunde moja. Hii ni kazi ya mtengenezaji: mstari wa bidhaa ufungwe wakati wa kuthibitisha, kwa hifadhidata nyingi ni `SELECT ... FOR UPDATE` ndani ya muamala mmoja. Utaitambua kwa stoo iliyokwenda chini ya sifuri bila mauzo yoyote ya dukani.

Dalili: tarehe au saa ya oda imehama

Angalia imehama kwa saa ngapi. Tofauti ya saa tatu ni seva. Seva nyingi hutunza saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake. Oda ya saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 huandikwa 22:30 ya siku iliyotangulia, ankara inaangukia mwezi uliopita, na hesabu ya VAT inapotoka. Acha seva itunze UTC, lakini ukanda wa saa wa kuonesha na wa kutoa tarehe ya ankara uwe `Africa/Dar_es_Salaam`. Anayeongeza 3 kwa mkono ndani ya programu atakuachia pahala ambapo saa imeongezwa mara mbili.

Tofauti ya saa sita ni watu. Jikoni wanaandika "samaki saa 1" wakitaka saa 1 asubuhi, yaani 07:00. Mfumo unaelewa 01:00, gari halikupangwa. Ondoa kisanduku cha kuandika saa. Weka machaguo yaliyokwisha andikwa: "asubuhi, saa 1 hadi saa 3 (07:00–09:00)", na kuendelea.

Kalenda nayo ina lake. Ramadhani saa za bohari hubadilika, lakini saa ya mwisho ya kupokea oda hubaki ya kawaida kwenye mfumo. Idi hufuata kuandama kwa mwezi, kwa hiyo tarehe isiwe imechongwa ndani ya programu. Msimamizi awe na kitufe cha kufunga siku ya usafirishaji usiku uleule.

Dalili: VAT au risiti haikubali

Kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni 15%, Bara ni 18%. Mfumo ulionunuliwa Dar es Salaam au kunakiliwa kutoka kampuni ya huko mara nyingi huja na 18 imo ndani. Kiwango kikae kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika.

Kosa la pili ni la hesabu. Bei ya 115,000 yenye VAT ndani yake ina kodi ya 15,000: ukiigawa kwa 1.15 unapata 100,000 bila kodi, kinachobaki ndiyo kodi. Anayechukua 15% ya 115,000 anapata 17,250, na kila ankara itakuwa na 2,250 za uongo. Tofauti ya shilingi moja au mbili hutoka kwenye kukadiria kila mstari badala ya jumla. Chagua njia moja, itumike kwenye mfumo na kwenye programu ya hesabu.

Risiti ya kielektroniki ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) kupitia VFMS, mfumo wao wa risiti, ikichelewa kurudi, usibonyeze tena. Kwanza uliza kama imeshatolewa, la sivyo utakuwa na risiti mbili kwa mauzo mamoja. Zikishatoka mbili, simama. Kuifuta moja ni kazi ya mhasibu wako na ZRA wenyewe.

Dalili: faili la bidhaa limeingia vibaya

Msimbo wa mstari wa bidhaa za Tanzania unaoanza na 620 unaonekana 6.20E+12. Excel imeufanya namba, na ukishahifadhi kama CSV tarakimu zimepotea. Rudi kwenye faili la asili, fanya safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kubandika. Ndivyo pia kwa misimbo inayoanza na sifuri na kwa namba za simu: mteja aliyeandikwa 0777, 255777 na +255777 atakuwa wateja watatu. Zote zigeuzwe kuwa +255 wakati wa kuingizwa.

Dalili: barua pepe za ankara hazifiki

Tazama folda ya taka ya mteja. Kisha mwombe aliyesajili kikoa chako, yaani jina la tovuti yako, akague rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Zikikosekana, hoteli kubwa hukataa barua zako bila kukuambia.

Dalili: mfumo mzito au haufunguki

Jaribu kwa data ya simu, si kwa intaneti ya ofisi. Uulize kama tovuti nyingine nazo ni nzito: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nzima ilisumbuka bila seva ya mtu kuwa na kosa. Kama seva iko ofisini kwako, ihamishe. Umeme wa Unguja huja kwa waya wa chini ya bahari unaofika Fumba, na mwishoni mwa 2009 kisiwa kilikaa gizani kwa karibu miezi mitatu.

Uzito unaotokea kwenye orodha ya bidhaa tu, tena kwa wateja wenye bei nyingi, ni mfumo kuuliza bei ya kila bidhaa peke yake. Mtengenezaji aulize zote kwa pamoja na aweke faharasa kwenye mteja, bidhaa na tarehe.

Dalili: ankara ina namba ya akaunti ya benki msiyoijua

Hapa hakuna ukaguzi mwepesi. Zima utoaji wa ankara. Wapigie wateja wote wenye madeni kwa namba za simu mlizokuwa nazo tangu zamani, siyo zilizoandikwa kwenye barua pepe, muwaambie wasilipe. Pigia benki yako. Badilisha maneno ya siri ya wasimamizi wote na ya barua pepe, mkitumia kompyuta nyingine. Usifute logi wala usisafishe seva, kwa sababu ndimo alama za aliyeingia zilimo. Mwite mtaalamu wa usalama wa mifumo, na ripoti polisi siku hiyohiyo.